Masaa Matatu ya Mkiani

"Mwanangu, masaa yangu matatu si masaa matatu ya yule wa banioni."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama juu ya tuta la mfereji, kanga imekazwa kiunoni, koleo begani, jua bado halijachomoza. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuwa leo ni Jumanne. Mimi nilikuwa na daftari mkono mmoja na simu yenye tochi mkono wa pili, na ndani ya daftari mambo yote yalikuwa sawasawa: yeye wa mkiani mwa mfereji masaa matatu, jirani yake masaa matatu, na yule wa kwanza kabisa, banioni, pale maji yanapoingilia, masaa matatu. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kugawa zamu za maji katika skimu yetu ya mpunga na mwaka wa saba wa kuwa mzee wa kanisa, na nilidhani kazi ya haki nimeshaimaliza kwa rula na kalamu.

"Maji yakifunguliwa kule juu," akaendelea, "yanatembea. Udongo unayanywa, mashimo ya panya yanayanywa. Yakifika kwangu saa nzima imeshapita, nayo yamechoka."

Nikamjibu jibu nililolizoea. "Mama, zamu ni zamu."

"Haya, mwanangu." Akashuka kwenye jaruba lake kuziba tundu kwa matope.

Kilichoniuma njiani nikirudi nyumbani ni kwamba maneno yale sikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Niliyasikia miaka mingi nyuma, Dar es Salaam, katika chumba chenye kiyoyozi kikali, kwa mwalimu aliyekuwa akitufundisha jinsi mnara wa simu unavyogawa mawimbi.

Maana kabla ya mpunga nilikuwa fundi wa minara. Si mhandisi. Fundi: wa kubeba dizeli, kubadilisha betri, kupanda juu na kamba kiunoni, kufukuza nyigu waliojenga nyuma ya antena. Nimezunguka Kigwe, Chali, Mundemu, Lamaiti hadi kuvuka Manyoni, na kiangazi cha huku kwetu upepo ukivuma ukiwa juu ya mnara unakumbuka dhambi zako zote bila kusaidiwa na mchungaji. Nilistaafu nikarudi Bahi, kama kilomita 60 magharibi ya Dodoma, mahali ambapo mto Bubu unaleta maji yake yote na kuyaacha. Hayaendi baharini. Yanaishia kwenye mbuga yetu, yanakaa, jua linayachukua. Kwa hiyo watu wa Bahi tunajua jambo moja kuhusu maji ambalo watu wa mito mirefu hawalijui: chini yetu hakuna mtu wa kulalamika. Ugomvi wote ni wa humu humu.

Sasa kuhusu mawimbi. Wenye umri wangu wanaukumbuka ule mlio uliokuwa ukitoka kwenye spika za kanisa sekunde chache kabla simu ya mtu haijaita: tit-titit-titit, kisha trrrr. Mchungaji alikuwa akinyamaza na kuangalia mabenchi. Ule haukuwa uchafu tu wa umeme. Ulikuwa sauti ya zamu. Katika simu zile za awali, chaneli moja ya upana wa kilohezi 200 hukatwa vipande vya muda vinane. Simu ya kwanza hupewa kipande chake, hunyamaza, ya pili huongea, hunyamaza, hadi ya nane, kisha mzunguko huanza upya, mara kama 217 kila sekunde. Kipande kimoja hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wewe unayeongea na shangazi yako Kondoa unadhani laini ni yenu wawili. Kumbe sehemu saba katika nane za maongezi yenu simu yako imefunga mdomo ikingoja wenzake. Spika ya kanisa ilikuwa ikisikia kule kufungua na kufunga mdomo.

Na kipande kimojawapo hakiuzwi. Mnara hukitumia kujitangaza na kusikiliza hodi. Simu isiyo na zamu bado haina namna ila kupiga hodi, na kama mbili zikipiga hodi kwa pamoja mnara husikia mchanganyiko usioeleweka. Dawa yake ni ya ajabu kwa upole wake: kila moja hurudi nyuma, husubiri muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. Mbinu ya namna hii ilianzia chuo kikuu cha Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Norman Abramson na wenzake, nao mfumo wao waliuita ALOHA, ambayo ni salamu ya watu wa visiwa vile. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu. Wangekuwa Ugogoni wangeuita Mbukwa.

Lakini hodi si ugawaji. Mlango wenye hodi nyingi kuliko viti ni vurugu tu, na sisi tuna jina la vurugu hiyo. Njaa iliyowaua babu zetu kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita huku yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, wazee waliiita Mtunya, yaani kugombania. Makadirio yaliyoandikwa yanasema walikufa kama watu 30,000 katika Wagogo 150,000. Hawakuipa jina la ukame, wala la vita. Waliiita kwa kile ilichowafanyia watu: kila mmoja kunyakua. Bibi yangu alikuwa akilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama jina la mtu anayeweza kuitika.

Basi mwalimu yule wa Dar es Salaam. Zilikuwa siku za kuingia mitambo mipya, ile ambayo sanduku lililo chini ya mnara linaamua mara elfu moja kwa sekunde nani apewe nini. Akachora mnara ubaoni, akachora mtu mmoja karibu yake na mmoja mbali, nyuma ya kilima. Akasema yule wa karibu anasikia vizuri, kwa hiyo kila mpigo wa wimbi unaweza kumbebea biti 6. Wa nyuma ya kilima anasikia kwa shida, kwa hiyo mnara unaongea naye polepole, kama unavyoongea na mzee asiyesikia, biti 2 kwa mpigo, na nyingine kati ya hizo ni za kurudia yaliyopotea. Ukiwapa muda sawa, akasema, hujawapa mzigo sawa. Ukitaka wapate mzigo sawa, itabidi umpe wa mbali muda mara tatu, na muda huo utatoka kwa wenzake, na mnara wako kwa jumla utabeba mzigo mdogo kuliko uwezo wake.

"Kwa nini basi tusimpe yule anayesikia vizuri peke yake?" akauliza mmoja wetu, kijana wa Moshi, kwa hesabu za haraka. "Mnara utabeba mzigo mkubwa kabisa."

"Unaweza," mwalimu akasema. "Utaratibu huo upo. Yule wa nyuma ya kilima atakata simu na hatapiga tena."

Mimi nikakumbuka mfano wa talanta katika Mathayo 25, unaoishia kwa mwenye nacho kuongezewa na asiye na kitu kunyang'anywa hata kile kidogo. Nimeusikia ukihubiriwa tangu utoto na sikuwahi kuupenda. Nilikuwa nikijiambia kuwa siuelewi. Siku ile niliuelewa kama utaratibu wa mnara, na nikaona kwamba sikuupenda kwa sababu nilikuwa nauelewa.

Utaratibu ambao minara mingi inatumia si huo wala si ule wa muda sawa kwa wote. Wahandisi wa kampuni ya Qualcomm waliuandika mwaka 2000 kwa ajili ya mitambo yao, na fikra yenyewe Frank Kelly wa Cambridge alishaitolea hesabu miaka michache kabla. Kwa ufupi ni hivi. Sanduku huangalia kila simu ingeweza kupokea kiasi gani sasa hivi, kisha hugawanya kwa kiasi ambacho simu hiyo imekuwa ikipokea siku za karibuni. Jawabu kubwa ndilo linalopewa zamu. Tuseme kijana aliye chini ya mnara anaweza kupokea kilobiti 2,000 kwa sekunde, na wastani wake umekuwa 1,000: jawabu lake ni 2. Mama wa nyuma ya kilima anaweza kupokea 200 tu, lakini wastani wake umekuwa 50: jawabu lake ni 4. Anapewa mama. Akipewa, wastani wake unapanda, wa kijana unashuka, na muda si muda zamu inarudi kwa kijana. Hakuna anayetupwa, na kila mmoja hupewa pale anapokuwa katika hali yake nzuri, si hali nzuri kuliko ya mwenzake.

Nilipenda sana. Nilimwona Mungu ndani yake, nakiri, kwa siku kama mbili hivi. Kisha nikauliza: hizo "siku za karibuni" ni siku ngapi?

"Siku?" Mwalimu akatabasamu. "Katika mfumo wa kwanza ilikuwa vipande elfu moja. Kama sekunde moja na theluthi mbili. Baada ya hapo inafifia."

Nadhani ndipo nilipoacha kuwa fundi tu. Kwa sababu sanduku lile lina haki kwa kuwa linakumbuka; lingekuwa halikumbuki lingempa kijana kila mara. Lakini lina haki pia kwa kuwa linasahau. Kipindi cha kumbukumbu kikiwa kirefu mno, aliyekosa anaweza kungoja muda mrefu kabla hajafidiwa. Kikiwa kifupi mno, sanduku linabaki kuzungusha zamu tu, halimngojei mtu afike mahali penye mawimbi mazuri. Mtu mwenye mkono na kalamu lazima akae aandike namba: kumbuka hadi hapa, hapo nyuma acha. Na namba hiyo haitoki kwenye fizikia. Hakuna mahali kwenye wimbi ilipoandikwa.

Torati inazo namba zake. Kumbukumbu la Torati 15 inataka madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Mambo ya Walawi 25 inataka mwaka wa hamsini ardhi irudi kwa wenyewe, aliyeuza kwa shida arudishiwe, kitabu kianze upya. Nilikuwa nikisoma sura hizo kama huruma. Sasa nazisoma kama mtu anayejua kuwa kila mgawanyo unahitaji urefu wa kumbukumbu, na kwamba mtu fulani lazima awe na ujasiri wa kuutaja. Saba. Hamsini. Sekunde moja na theluthi mbili. Jirani yangu, Mwislamu kutoka Kondoa, nilipomweleza alisema wao katika mirathi hawaingii kabisa humo: mafungu yameshatajwa katika Sura ya An-Nisaa, nusu, robo, thumni, sudusi, na hakuna anayeulizwa marehemu alimpa nani ng'ombe mwaka gani. "Ukianza kukumbuka," akasema, "mazishi hayataisha." Ana wake wawili na siku zao anazigawa kwa zamu kavu, moja moja, na alinieleza kwa kirefu kwa nini ndani ya nyumba kumbukumbu ni hatari zaidi kuliko usawa. Sitayaandika hapa.

Kwa hiyo nilipokwenda kwenye mkutano wa wakulima kupeleka hoja ya mama wa mkiani, nilijiona nimejiandaa. Nikapendekeza saa ya mtu ianze kuhesabiwa maji yanapogusa jaruba lake, si yanapofunguliwa banioni. Nikaeleza vizuri, nikatumia hata mfano wa simu, watu wakatikisa vichwa.

Akasimama yule wa banioni. Mtu mzima, mwembamba, mikono kama mizizi.

"Mzee wetu," akasema, "wewe unakumbuka msimu huu. Mimi nakumbuka mfereji huu ukichimbwa. Msaragambo, kwa majembe, miezi, na shilingi hakuna. Wengi mnaodai masaa leo hamkuwepo. Kama ni kukumbuka, tukumbuke yote."

Kimya. Kisha mwingine akakumbuka kuwa huyo wa banioni alipewa sehemu ile kwa kujuana. Mwingine akakumbuka mwaka wa mafuriko na nani aliyeokoa lango. Mwingine akarudi hadi Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishwa kuingia vijijini, na baba yake akaacha eneo zuri akapewa hili. Kila mtu alikuwa na daftari lake, na kila daftari lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimekuja na wazo kwamba haki ni kukumbuka. Nikaona mkutano mzima ukigeuka Mtunya wa kumbukumbu, kila mmoja akinyakua mwaka unaomfaa.

Tulifunga saa nane mchana bila jambo. Sijui kama nimewahi kurudi nyumbani na njaa kiasi kile.

Jumapili iliyofuata, kwa makusudi au kwa ratiba, somo lilikuwa Mathayo 20: mwenye shamba la mizabibu anayelipa dinari moja kwa waliofanya kazi tangu alfajiri na kwa walioingia saa moja kabla ya jua kuzama. Sisi wa Dodoma tuna bahati na somo hilo, kwa sababu zabibu ni zao letu. Vibarua wanaokaa kando ya njia wakingoja kuitwa, tunawajua kwa sura. Mchungaji akahubiri neema. Akasema Mungu hahesabu masaa. Watu wakaitikia, na nikaona macho mawili matatu yakinigeukia mimi mwenye daftari, kana kwamba nimekamatwa.

Nilimfuata baada ya ibada. "Baba mchungaji, yule bwana alilipa kwa fedha za nani?"

"Zake mwenyewe. Ndiyo hoja yake kwa wanaonung'unika."

"Basi mimi siwezi kuwa yeye. Maji si yangu."

Hakujibu upesi, na namheshimu kwa hilo. Kwa sababu hapo ndipo mahubiri mengi kuhusu ukarimu yanapopita bila kusimama. Mwenye shamba aliweza kutojali nani alifanya kazi masaa mangapi kwa kuwa dinari aliyompa wa mwisho haikutoka mfukoni mwa wa kwanza. Mimi nikimwongezea mama wa mkiani saa moja, nimeichukua kwa mtu mwenye jina, aliyesimama na koleo lake akingoja. Ukarimu wa mgawaji ni wizi wenye uso mzuri. Mnara nao ni hivyo hivyo: kipande cha muda ukimpa huyu kimetoka kwa yule, hakuna ghala nyuma. Mgawaji ni wakili. Aweza kuwa na haki, aweza kukosa haki, ukarimu hajaruhusiwa.

Na mwenye mali ni nani? Hapo nchi yetu imejibu kwa upande wa mawimbi kwa namna inayonifurahisha kidogo na kunitatiza kidogo. Masafa ni mali ya umma. Oktoba 2022 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliyapiga mnada, kampuni zikashindana, zikapatikana kama dola milioni 187. Kati ya yaliyouzwa yalikuwemo masafa ya megahezi 700, yale yaliyokuwa ya televisheni za zamani kabla mitambo ya analojia haijaanza kuzimwa Desemba 2012, mazuri sana kwa nchi tambarare kama hii maana yanakwenda mbali. Mnada wa ng'ombe tunaujua Bahi: anayepata dume zuri si mwenye shida nalo bali mwenye mfuko. Lakini sheria ya 2006 iliunda pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kampuni zinachangia humo ili minara ijengwe pale ambapo biashara peke yake isingeipeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini. Huo ni ukarimu wa mwenye mali, na unafanyika juu, kwenye fedha na sheria, mahali ambapo umma unaweza kusema: tunatoa chetu. Chini, ndani ya sanduku, hakuna tena nafasi ya huruma. Kuna mgawanyo tu. Nimeshawaona watu wakilitaka sanduku liwe na huruma na sheria iwe na hesabu kali, nikaona wameshika jembe kwa upande wa chuma.

Ingawa, sanduku lina upofu ambao bado unanikosesha usingizi. Halijui kwa nini unapiga. Siku moja ya mnada wa ng'ombe mkwe wangu alishikwa na uchungu, na mimi nilikuwa porini nikitafuta gari kwa simu. Mamia ya watu walikuwa wamejaa mjini, kila mtu anatuma pesa, anauliza bei. Nilipiga mara kumi na moja. Nilipanda tuta la reli, lile waliloliacha Wajerumani, nikasimama juu nimeinua mkono kama mtu anayesimamisha treni. Mara ya kumi na mbili iliingia, mtoto yuko salama, sasa ni mwanafunzi mwenye makelele. Lakini wale waliopata nafasi kabla yangu, sanduku liliwapa bila kujua kama wanaulizia bei ya mbuzi. Lingewezaje kujua? Kuna mlango wa dharura, namba 112. Na kila laini ya simu ina tabaka lililoandikwa ndani yake, sifuri hadi tisa kwa sisi watu wa kawaida, limetolewa kama kura bila kujali wewe ni nani. Msongamano ukizidi, mtandao unaweza kuyafungia baadhi ya matabaka kwa zamu. Matabaka ya 11 hadi 15 yametengwa kwa mitandao yenyewe, vyombo vya usalama, huduma za umma na watu wa dharura. Binti yangu aliyesoma UDOM anasema upofu huo ndio heshima yake: sanduku haliulizi kabila wala cheo, kama yule mwanafalsafa Rawls wa Marekani aliyetaka wanaopanga sheria za nchi wasijue wao wenyewe watakuwa akina nani ndani yake. Namkubalia. Halafu nakumbuka tuta la reli.

Yule mwenye shamba la mizabibu, kabla ya kuwa mkarimu, alifanya jambo ambalo wahubiri wanaliruka. Aliwauliza. Alikuta watu wamesimama jioni akawauliza kwa nini wamekaa bure kutwa nzima, wakamjibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Sanduku haliwezi kuuliza hivyo. Mimi niliweza, na nilimjibu mama kuwa zamu ni zamu.

Kanisani kwetu kuna wakati wa maombi ya pamoja, kila mtu kwa sauti yake, watu mia na zaidi kwa mpigo mmoja. Mgeni akiingia husikia kelele. Katika kazi yangu hali hiyo ina jina, mwingiliano, na tulilipwa kuiondoa. Zamani nilikuwa nikiomba kimya wakati huo, kwa adabu ya fundi, nikingoja njia ipungue. Nimeacha. Siamini kwamba Mungu anatugawia zamu. Kama hapungukiwi, hagawi. Na kama hagawi, basi mambo haya yote ya daftari, dakika ngapi, tangu lini, ni yetu sisi peke yetu, kazi ya viumbe ambao maji yao yanaishia mbugani. Nilikuwa nikitafuta mfano wake ili niuige. Sasa sitafuti huko.

Mkutano wa pili tuliandika namba. Misimu mitatu. Tutakumbuka nani alikosa maji kwa misimu mitatu nyuma, na mwenye kukosa atasogezwa mbele. Zaidi ya hapo, msaragambo, mafuriko, Operesheni, tumeyafunga, si kwa kuwa ni uongo. Na zamu ya kuanza msimu ni kura ya vikaratasi ndani ya kofia. Saa ya wa mkiani inaanza dakika arobaini baada ya lango kufunguliwa: si saa nzima aliyoitaka mama, wala si sifuri ya wa banioni. Ni namba ya wanadamu. Wa banioni alipiga kura ya kupinga, akashindwa, akasaini.

Msimu uliopita, usiku, nilikuwa banioni na tochi. Zamu ilikuwa ya yule wa banioni, yamebaki masaa mawili. Akaja na koleo, akafunga lango la jaruba lake, akaacha maji yaende chini. Kule mkiani, zamu iliyofuata ilikuwa ya mama.

"Mbona mapema?" nikamuuliza.

"Nina usingizi."

Nikatoa kalamu.

"Usiandike," akasema, tayari amegeuka anaondoka.

Sikuandika. Jumla ya ukurasa ule hadi leo inapungua masaa mawili, na mkaguzi wetu wa skimu ameshaniuliza mara mbili yamekwenda wapi.